Wakala wa bima ya maisha akianza kukuandikia wosia: la kufanya ukiwa Uganda

Mawakala wa bima ya maisha wanaozunguka Arua, Bombo, Busia na Kisenyi ya Kampala, wengi wao ni watu wa heshima zao. Wanafika sokoni, wanafika kwenye kambi za askari, wanakungoja nje ya msikiti baada ya swala, na wanasema jambo ambalo familia nyingi hulikwepa: mwenye kuleta chakula nyumbani akifariki, watoto watasomaje? Kazi hiyo naiheshimu. Ninachokipinga ni karatasi ya pili.

Karatasi ya kwanza ni fomu ya bima. Ikishajazwa, wakala anaingiza mkono kwenye begi na kutoa nyingine: fomu ya wosia iliyochapwa tayari, imebaki kujazwa majina. Au hati ya amana, yaani karatasi ya kumkabidhi mtu mali azitunze kwa ajili ya watoto. Au hati ya kumpa kaka yako mamlaka juu ya kiwanja. "Hii nayo tunakufanyia, usijisumbue na mawakili." Kisha anaanza kuuliza: kibanja kiko kwa jina la nani, una wake wangapi, yule mtoto wa nje unamtambua au la. Unajibu, anaandika. Hapo ameshatoka kwenye bima na kuingia kwenye kazi ya uwakili asiyo na idhini nayo. Watakaoumia ni mjane na yatima, maana kosa la karatasi ya mirathi huonekana mwenyewe akiwa ameshazikwa, na hakuna tena wa kumuuliza alikusudia nini.

Hatua hizi nimemwandikia mteja. Mwishoni nina neno kwa mawakala wenyewe.

Hatua ya 1: Tenganisha swali la bima na swali la sheria

Wakala amepewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ile tunayoiita IRA, chini ya Sheria ya Bima ya 2017. Leseni hiyo inamruhusu kukueleza bidhaa ya kampuni: utalipa kiasi gani kila mwezi, ukichelewa itakuwaje, kifo cha namna gani hakilipwi, ukivunja mkataba katikati utarudishiwa nini. Anaweza kukusaidia kujaza fomu ya kampuni kwa majibu yako mwenyewe. Msiba ukitokea, anaweza kuwaambia wafiwa ni nyaraka zipi kampuni inazitaka.

Nje ya hapo kuna Sheria ya Mawakili. Inamkataza mtu asiyesajiliwa kuwa wakili kujifanya wakili au kufanya kazi ya wakili, na inamkataza kutayarisha kwa malipo hati nyingi zinazohusu mali au kesi. Kufanya hivyo ni kosa la jinai. Malipo nayo yana njia nyingi. Wakala anaweza kukuambia hati ni ya bure, kumbe anakupa ili ununue bima kubwa zaidi apate kamisheni.

Kipimo changu ni hiki: jibu la swali lako liko ndani ya mkataba wa kampuni, au liko ndani ya sheria za nchi? "Nikikosa kulipa miezi miwili, bima inakufa?" Hilo liko kwenye mkataba, wakala anaweza kulijibu. Sasa tazama hili. Mzee ana wake wawili. Fomu ya bima aliyoijaza miaka kumi iliyopita inamtaja mke wa kwanza kuwa mnufaika. Juzi ameandika wosia unaosema fedha za bima zigawanywe kwa watoto wote wa nyumba zote mbili. Anamuuliza wakala: "Nikifa, lipi litafuatwa?" Swali linasikika kama la bima, lakini hilo ni swali la sheria tupu, na jibu la haraka la wakala linaweza kuzigombanisha nyumba mbili miaka na miaka. Wakala mwadilifu hapo atasema, "Mzee, la mnufaika naweza kukuletea fomu ya kulibadilisha. La wosia muulize wakili."

Mfano mwingine ni mgawanyo wa mali ya aliyekufa bila wosia. Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022. Sasa watoto wanapata asilimia 75, mjane au mgane 20, tegemezi wengine 4, na mrithi wa kimila 1. Kabla ya hapo mwenzi alikuwa na 15 na tegemezi 9. Anayetegemea makaratasi ya mafunzo ya zamani atakupa hesabu iliyokwisha futwa, na atakupa kwa kujiamini kabisa.

Niseme jambo moja ili nisimwonee mtu. Sheria ya Uganda haikulazimishi kumwendea wakili ili uandike wosia. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kujiandikia mwenyewe leo usiku, akautia saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na wosia ukasimama. Hatari iko kwa yule anayekushauri nini uandike, kwa jina la utaalamu asio nao, huku ana kitu cha kukuuzia.

Tatizo hili haliko kwetu tu. Kule Marekani, kampuni zilikuwa zikituma watu nyumbani kwa wazee kuwauzia hati za amana, kisha mlango ukishafunguka wanauziwa bima za malipo ya uzeeni. Mwaka 2009 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Ohio ilizitoza kampuni za namna hiyo zaidi ya dola milioni 6 kwa kufanya kazi ya uwakili bila idhini.

Hatua ya 2: Uliza vyeti, tena mapema

Muulize wakala leseni yake ya IRA ya mwaka huu na ametumwa na kampuni gani. Orodha ya wenye leseni inapatikana IRA. Hiyo ni kwa bima. Akigusa hati za sheria, muulize: "Ndugu yangu, wewe ni wakili wa mahakama?"

Uganda wakili hapatikani kwa semina ya wiki mbili. Amesoma shahada ya sheria, akapita Law Development Centre, ambayo wote tunaiita LDC, akaandikishwa kwenye daftari la mawakili, na kila mwaka anachukua cheti cha kufanya kazi kutoka kwa Msajili Mkuu wa Mahakama. Asiye na cheti cha mwaka huu hana ruhusa, hata akiwa na suti na kadi ya biashara. Wako pia mawakala wenye shahada ya sheria waliokosa nafasi LDC wakaingia kwenye bima. Shahada pekee haitoshi.

Jibu ambalo utalisikia mara nyingi ni hili: "Wakili wetu wa kampuni ameshaipitia." Omba jina lake na ofisi yake. Kisha kumbuka kwamba wakili wa kampuni ni wa kampuni. Siku kampuni itakapokataa kulipa, yeye ndiye atakayesimama upande wa pili.

Hatua ya 3: Simamisha mazungumzo bila kumvunjia heshima

Watu wengi hutia saini kwa haya. Wakala ni mtoto wa jirani, ameletwa na shemeji, amekunywa chai yako. Inakuwa vigumu kumwambia hapana. Basi tumia maneno haya au yanayofanana nayo: "Asante, mwanangu. Hapo kwenye bima nimekuelewa. Hii ya wosia niachie niisome, nitaipeleka kwa wakili." Usimpe pesa ya hati hiyo. Usitie saini wala dole gumba. Na usimkabidhi hati halisi ya ardhi, hata kwa "kuifanyia fotokopi tu".

Akikwambia bima haitakubaliwa bila wosia wake, hiyo si kweli. Bima ya maisha inahitaji fomu ya maombi, majibu yako ya afya, kitambulisho na malipo. Wosia ni jambo lako na familia yako.

Hatua ya 4: Tumia ulinzi wa lugha, ambao wengi hatuujui

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu sisi tunaotumia Kiswahili kila siku tunahusika moja kwa moja.

Uganda ina sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma. Usidhani inamhusu tu bibi aliyekosa shule kijijini. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni mtu yeyote asiyeweza kusoma na kuielewa lugha ambayo hati fulani imeandikwa. Maana yake, mfanyabiashara wa Busia anayesoma Kiswahili vizuri kabisa, au Mkongomani wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale aliyesoma hadi sekondari kwa Kifaransa, mbele ya hati ya Kiingereza asichokielewa sheria inamlinda kama asiyejua kusoma.

Na ulinzi wenyewe ni huu: yeyote anayeandika hati kwa niaba ya mtu wa namna hiyo lazima aandike kwenye hati hiyo jina lake kamili la kweli na anwani yake, kwamba yeye ndiye mwandishi. Akifanya hivyo anachukuliwa kuwa amethibitisha mambo matatu: ametumwa na mwenye hati, alichoandika ndicho alichoambiwa, na ameisoma hati na kumfafanulia mwenyewe.

Sasa fikiria wakala anakujazia fomu ya afya kwa Kiingereza. Anauliza, "Una presha?" Unajibu, "Ndiyo, natumia vidonge." Anaona bima itapanda bei au itakataliwa, anaandika hapana, anakuonyesha pa kutia saini. Miaka mitatu baadaye umekufa kwa kiharusi, kampuni inatoa fomu na kusema marehemu alidanganya. Kama jina la mwandishi lipo kwenye fomu, familia ina pa kuanzia. Kama halipo, kutokuwepo kwake nako ni hoja ambayo wakili anaweza kuishika.

Kwa hiyo sema wazi: "Sisomi Kiingereza. Nisomee yote kwa Kiswahili, halafu andika chini jina lako na anwani yako kwamba wewe ndiye umeandika." Kwa fomu ya bima, wakala mwaminifu atafanya hivyo bila kinyongo. Kwa wosia na hati za ardhi, nimeona sentensi hiyo inavyofanya karatasi ya pili irudi kwenye begi.

Hatua ya 5: Kama umeshatia saini, kagua kabla ya kuichana

Usiichome wala kuichana kwa hasira, maana ni ushahidi. Kaa mahali penye mwanga, angalia mambo haya.

Anza chini ya ukurasa wa mwisho. Hati iliyotayarishwa na wakili hapa Uganda huwa na mstari unaosema imeandaliwa na nani, pamoja na jina la ofisi na anwani ya posta, na Sheria ya Mawakili inadai hivyo. Pakiwa patupu, au pameandikwa jina la kampuni ya bima, una jibu la kwanza.

Kama ni wosia, tazama mashahidi. Hapa ndipo hati za kujaziwa sebuleni huharibikia zaidi. Wakala yuko nyumbani, anahitaji watu wawili, waliopo ni mke wako na kijana wako mkubwa. Anawaambia watie saini, na kwa nia njema wanatia. Kwa Sheria ya Urithi, zawadi aliyoachiwa shahidi wa wosia, au mume au mke wa shahidi huyo, inabatilika. Wosia wenyewe unabaki, lakini mama wa watu, uliyetaka aachiwe nyumba, anaipoteza zawadi hiyo kwa saini yake mwenyewe. Hakuna aliyemdhulumu kwa kukusudia. Kuna tu mtu aliyesimamia jambo asilolijua.

Kama ni hati ya kuuza, kuweka rehani au kuhamisha ardhi ambayo familia inaishi, angalia kama mwenzi wako ameridhia kwa maandishi. Sheria ya Ardhi inalitaka hilo. Na angalia kama kuna muhuri wa kamishna wa viapo wakati wewe hukufika mbele ya kamishna yeyote. Kiapo huapwa mbele ya mtu. Muhuri uliokuja kwenye begi tayari umegongwa ni dalili mbaya sana, mwambie wakili hilo kabla ya lolote jingine.

Wosia unaweza kuufuta kwa kuandika mwingine ulio sahihi ungali hai na akili timamu. Hati za ardhi na za kumpa mtu mamlaka usizihangaikie peke yako.

Hatua ya 6: Mpate wakili wa kweli

Hofu ya gharama ndiyo inayowapa nafasi watu wa karatasi ya pili. Kuna msaada wa bure kwa wasio na uwezo: mradi wa msaada wa sheria wa Chama cha Wanasheria wa Uganda, FIDA ambao ni wanasheria wanawake waliojiunga tangu 1974, na kliniki ya sheria ya LDC. Shauri la mjane kuhusu mirathi FIDA wanalijua vizuri sana.

Ukiwa na uwezo wa kulipa, nenda mwenyewe ofisini kwake. Usikubali kuletewa saini ya wakili usiyemwona. Muulize cheti cha mwaka huu, na ukiwa na shaka ulizia kwenye Chama cha Wanasheria au Baraza la Sheria, ambalo pia ndilo hukagua na kuidhinisha ofisi za mawakili. Kanuni za maadili za mawakili zinawakataza kugawana ada na watu wasio mawakili, kwa hiyo wakili anayegonga mhuri kwenye hati za wakala wa bima ili wagawane, naye ana kesi ya kujibu.

Kwa Waislamu, mwulize wakili mapema jinsi wosia wako utakavyoendana na mirathi ya kidini. Kadhi au sheikh atakueleza mafungu, na wakili atakuambia mahakama za nchi zitaupokeaje. Wakala hana sehemu katika yote mawili.

Hatua ya 7: Msiba ukishatokea

Huu ndio wakati familia iko dhaifu, na wakala anarudi. Safari hii anasema, "Nitawafuatilia malipo, mnipe asilimia kumi." Au anajitolea kuwafungulia mirathi mahakamani. Kataeni yote mawili. Kampuni humlipa aliyetajwa kwenye fomu akileta cheti cha kifo, kitambulisho, hati ya bima na karatasi nyingine zinazoulizwa, na wakala alishalipwa kamisheni yake.

Cheti cha kifo kinatoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Ikiwa marehemu hakuacha wosia, kifo huripotiwa kwenye ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, ile yenye kibao cha Administrator General, mkiwa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hapo familia huitwa kukaa pamoja, na wakiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndipo mahakama hupelekewa ombi la usimamizi wa mirathi. Ofisi hiyo haidai mpate mtu wa bima wa kuwasindikiza.

Kama mnufaika ni mtoto mdogo, kampuni haitamkabidhi mtoto wa miaka saba mamilioni. Itauliza mlezi anayetambulika kisheria. Hapo ndipo wakala huandika "hati ya amana" ya ukurasa mmoja inayomkabidhi ami wa mtoto fedha zote. Msitie saini. Ulezi wa kisheria hautokani na karatasi kama hiyo, na ami akizila fedha hizo, karatasi ya wakala haitazirudisha.

Hatua ya 8: Lalamika, kwa maandishi

Andika kwanza kwa kampuni yenyewe: jina la wakala, tarehe, mahali, alichokuandikia, ulicholipa. Ambatanisha nakala, ubaki na hati halisi. Ujumbe wa simu na risiti za mobile money zihifadhi zote, hata zile fupi. Kampuni isipojibu au ikijibu ovyo, peleka malalamiko IRA, ambako kuna kitengo cha kuyapokea. Suala la kufanya uwakili bila idhini lipeleke Baraza la Sheria, na kwa kuwa ni jinai unaweza pia kufungua faili polisi. Aliyegushi muhuri au saini mpeleke polisi kwanza.

Kwa mawakala

Najua wengi wenu mnaandika wosia kwa sababu mteja amewaomba, na mnaona ukatili kumwacha hivi hivi. Msaidieni kwa njia hii: mwambieni aorodheshe mali zake, watoto wake wote na namba za hati zake kwenye daftari lake mwenyewe, ampelekee wakili. Mkumbusheni kila mwaka kuangalia jina la mnufaika, hasa baada ya ndoa, talaka au kuzaliwa kwa mtoto. Hilo liko ndani ya kazi yenu, na ni msaada mkubwa. Na kama meneja wako amekukabidhi rundo la fomu za wosia uzigawe pamoja na bima, omba agizo hilo kwa maandishi, lenye saini ya mkuu wa idara ya sheria ya kampuni, kabla hujabeba hata moja kwenda kwa mteja.